Uso wa Judith kwenye Kipakiti

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua milimita 9. Mawingu yamekaa mlimani tangu asubuhi, hayapandi hayashuki.

Nimemwona Judith leo.

Niandike vizuri. Nilikwenda dukani kwa Mwamvita kununua chumvi. Juu ya kaunta, kwenye kamba anayotundikia sabuni za vipande na majani ya chai, kulikuwa na mstari mpya wa viungo vya pilau. Kwenye kila kipakiti, uso wa mke wangu. Vipakiti kumi na viwili. Judith kumi na wawili, wote wanacheka.

Mwamvita akauliza anipe nini. Nikasahau. Akauliza tena. Nikanyoosha kidole. Akasema, huyo Mama Sauda viungo vyake vizuri, watu wanavisifia sana, hasa mwezi huu wa kufuturu.

Mama Sauda. Ndivyo walivyomwandika chini ya kidevu, kwa herufi nyekundu.

Mwamvita alihamia Kihonda mwaka jana. Judith alikuwa ameshakufa — miaka mitatu itatimia Juni. Hana kosa. Sikumwambia kitu. Chumvi sikununua.

Jumanne, 4 Machi

Mvua hakuna.

Nimekitazama kipakiti kwa lenzi niliyopewa siku nilipostaafu kituo cha hali ya hewa. Ni yeye. Ni picha ya studio ya Harshad, Desemba 2003, tulipotimiza miaka kumi ya ndoa. Harshad aliniambia nibane pumzi nisitikisike. Nikabana. Kumbe yeye bado anahangaika na taa zake. Nikaendelea kubana mpaka macho yakanitoka. Judith akageuka kidogo, akaniona, akaangua kicheko — na hapohapo Harshad akapiga. Tukataka arudie. Akakataa. Akasema hamtapata nyingine kama hii.

Kwenye kipakiti mimi sipo. Mahali nilipokuwa wamechora vijiti vya mdalasini. Hawakufuta vizuri: chini ya mdalasini inaonekana ncha ya kola yangu ya kijani.

Judith hakupenda kupigwa picha. Alisema kamera inamnenepesha. Humu ndani nina picha yake moja tu, ya kitambulisho, amekunja uso kama anahojiwa polisi. Ile ya studio niliikata mwenyewe. Siku ya msiba walitaka picha ya kuweka msalabani na gari la kwenda kuzika kwao Matombo lilikuwa linasubiri. Nikachukua mkasi. Nusu yake ikaenda kaburini. Nusu yangu imo kwenye Biblia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua milimita 4. Jumatano ya Majivu. Padri alinipaka majivu mengi, yakaniingia jichoni.

Nimempigia mwanangu Stephano, yuko Mwanza. Akasema Baba, hiyo ni kesi. Wametumia sura ya mama kibiashara bila idhini. Nimtumie picha ya kipakiti airushe mtandaoni, watu wamshukie huyo mfanyabiashara. Nikamkatalia. Akasema sasa unataka nini, Baba? Mtoto wake akawa analia nyuma. Akasema atapiga baadaye.

Hajapiga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoa nusu yangu kwenye Biblia nikaiweka kando ya kipakiti. Haziungani. Nimehangaika kama nusu saa. Ndipo nikaona kidoti cha chini ya jicho lake la kushoto kimehamia kulia. Wamemgeuza, kama mtu kwenye kioo. Kicheko alichonigeukia mimi sasa kinaelekea nje, kwa yeyote anayepita.

Mvua milimita 22. Nilisahau kumwaga maji ya jana kwenye kopo la kupimia, kwa hiyo hesabu si ya kuaminika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda mjini, studio kwa Harshad, nyuma ya soko. Sikujua kama yuko hai. Yuko. Amekaa kwenye kile kiti cha wateja, mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, rangi imekwisha maporomoko yamekuwa meupe tu. Studio inaendeshwa na mjukuu wake, Jinal. Anapiga paspoti, anatoa fotokopi, analamineti vyeti.

Nikamwamkia mzee, nikampa kipakiti. Akakisogeza karibu na pua.

"Huu mwanga ni wangu," akasema. "Taa moja kushoto, shuka jeupe kulia. Nani ameugeuza?"

Hakumtambua Judith. Aliutambua mwanga.

Jinal akaja, akatazama, akabadilika uso. Akaeleza polepole. Mwaka jana alikusanya negativu za babu yake, maboksi na maboksi, akaziskani, akaziweka kwenye ukurasa wa studio mtandaoni. Alitaka watu waone kazi ya babu kabla hajaondoka. Watu walifurahi, waliandika maneno mazuri. Anadhani ndiko ilikochukuliwa.

"Sikufikiria kama mtu angechukua bila kuniuliza," akasema.

"Na mimi hukufikiria kuniuliza," nikamwambia.

Nilijuta kidogo, ana umri wa kuwa binti yangu.

Harshad alikasirika kuliko mimi. Alitaka twende kwa mwanasheria leo leo. Akasema tumeibiwa, mimi na wewe. Halafu akasahihisha. Aliyeibiwa ni yeye. Picha ni kazi ya aliyepiga, ndivyo ilivyo sheria ya hakimiliki, hata huko kwingine duniani.

"Na aliyepigwa?" nikauliza.

"Aliyepigwa alichukua nakala yake akaondoka."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei ya zamani. Halafu akaniambia amepiga nusu ya mji huu, harusi, komunio, wahitimu wa shule ya Kilakala na tai zao, na siku hizi hawamkumbuki mpaka afe mtu. Hapo ndipo wanakuja mbio, una negativu? una negativu?

Nikamuuliza kama yangu anayo.

Jinal akasema ipo. Nzima. Atanisafishia nakala.

Nimerudi kwa miguu mpaka stendi, sikuhisi umbali.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua milimita 15.

Nyuma ya kipakiti wameandika Kihonda, Morogoro, na namba ya simu. Sikupiga. Nimekwenda. Dakika thelathini kwa miguu kutoka hapa! Nyumba ya matofali isiyopigwa plasta, ndani wanawake watano na mashine ya kuzibia vipakiti. Harufu ya iliki na pilipili manga ilinikaba nikapiga chafya, wote wakaniambia pole.

Mwenyewe anaitwa Raya. Miaka thelathini na tano hivi, mtandio kichwani, mikono ina rangi ya binzari mpaka kwenye viwiko. Akaniamkia, akanipa kiti. Nikaweka kipakiti juu ya meza.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye Mama Sauda, baba. Nembo yetu."

"Umewahi kumwona?"

"Hapana. Ni picha tu. Dizaina wa Dar ndiye aliyenitengenezea lebo."

Nikamwambia ni mke wangu. Anaitwa Judith Kobelo, amezikwa Matombo, na hajawahi kuwa na mtoto anayeitwa Sauda.

Mashine ikasimama. Raya akakaa juu ya gunia. Akasema, Inna lillahi. Hakujitetea mara moja na hilo nililiheshimu. Baadaye akaeleza. Dizaina alimletea sura kumi achague. Alichagua hii kwa sababu wengine wote walikuwa wanatabasamu kwa ajili ya kamera, huyu alikuwa anacheka kweli. Alilipia kazi, akaamini yamekwisha. Alidhani ni picha ya mtandaoni tu, haina mwenyewe.

Nikamuuliza ni picha gani ya mtu isiyokuwa na mwenyewe.

Akampigia dizaina palepale, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikazimwa.

Wakati naondoka nikauliza Sauda ni nani. Akasema ni bibi yake mzaa mama, ndiye aliyemfundisha viungo. Hakuacha picha hata moja. Kwa hiyo ilibidi atafute uso.

Njia nzima nilikuwa natafuta hasira. Sikuipata ya kutosha.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua hakuna. Soko kuu.

Sikuwa na cha kununua. Niliingia mlango wa ndizi nikatokea upande wa nafaka. Nimemwona mara saba. Kwa muuza vitunguu, kwa muuza nazi, kwenye duka la kona alikokuwa akibishana bei ya mchele enzi zile. Mara ya tatu nilijikuta nimetabasamu, muuza nazi akadhani namtabasamia yeye, akaniambia karibu mzee.

Nikajisemea nitakuwa nakuja Jumamosi.

Kisha, kwenye kutoka, mtaro. Mama mmoja alifungua kipakiti kwa meno, akamimina viungo kwenye kimfuko chake, akatupa. Judith akaangukia maji machafu, uso juu. Akaenda nayo kama hatua tano, akanasa kwenye jiwe.

Nilishuka mtaroni na suruali yangu ya kanisani. Watu walinitazama. Nimemwosha bombani. Nimemwanika dirishani.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Dada mpole, anaandika kwa mkono wa kushoto. Akauliza kama tulikuwa na mkataba na studio mwaka 2003, au risiti. Nani anatunza risiti ya picha? Akasema haki ya picha kama kazi ni jambo moja, na mara nyingi huanzia kwa aliyepiga. Sura ya mtu ni jambo jingine. Mwenye sura akiwa marehemu ni jambo jingine tena, hapo hataki kunidanganya, inabidi asome.

Akauliza nadai nini hasa. Kuondolewa? Fidia? Kuombwa radhi?

Nikamwambia nitamrudia.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua sijui, sikuwepo. Kopo nimelikuta na milimita 31.

Nimekwenda Matombo kwa basi la asubuhi. Baada ya Mkuyuni barabara imekuwa uji, tulishuka mara mbili kusukuma, mimi na miaka yangu sitini na nne. Shemeji yangu Leokadia alinipokea kwa ndizi na maharage. Ni mdogo wake Judith, wanafanana mikono tu.

Nilitaka kuona ile nusu ya picha iliyoko msalabani. Nikamwambia nakwenda kaburini. Akasema twende wote.

Kwenye kifremu cha msalaba haikuwa picha niliyoikata. Ilikuwa karatasi ya kipakiti. Wameikata uso tu, wakaifunga kwa nailoni wakaipigilia vizuri. Jina la Mama Sauda wameliondoa kwa mkasi.

Nikaipapasa nailoni kwa kidole.

"Ile ya kwanza iliingia maji mvua za mwaka juzi," Leokadia akasema. "Ikawa nyeupe. Tukaona aibu kukwambia."

"Hii mliipata wapi?"

"Si ndiyo hii ya Raya. Mdalasini anachukua kwetu. Tuliiona tangu Desemba, shemeji. Tulijua umempa ruhusa. Tulifurahi. Tukasema angalau shemeji Castory hajamficha dada ndani."

Nikamwambia sikumpa mtu ruhusa. Akaniangalia. Akasema, kwa hiyo utaiondoa?

Wanawake wa pale wanauza mdalasini kwa uhakika tangu ile lebo itoke, alinieleza hilo njiani kurudi, bila kunishika mkono, akitazama mbele. Akasema pia Judith angecheka kuitwa Mama Sauda. Hilo ni kweli. Angecheka mpaka akae chini.

Jumapili, 23 Machi

Misa. Sikuongea na mtu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua milimita 11.

Jinal alipiga simu, nakala iko tayari. Nimeifuata. Imewekwa kwenye bahasha ya kaki. Nikaitoa palepale kaunta.

Sote wawili. Mimi nimetoa macho, mashavu yamevimba kama mpiga tarumbeta. Yeye amenigeukia. Kidoti kiko kushoto. Nilikuwa nimesahau kwamba mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu. Kwenye nusu niliyo nayo kuna vidole vitatu, siku zote nikidhani ni mkunjo wa shati.

Nikageuza nyuma. Mhuri wa bluu: haki zote ni za studio, hairuhusiwi kunakili.

Jinal aliona ninavyousoma. Akasema samahani, tunazipiga mhuri picha zote sasa, tangu jambo hili. Kisha akasema kuna kitu kingine. Raya alikuja juzi. Amemwomba babu radhi, wameelewana. Babu amesaini. Kwa hiyo picha anaweza kuitumia, kihalali, na jina la studio litaandikwa pembeni kwa herufi ndogo.

Harshad alikuwa kwenye kiti chake. Nikamwambia mzee, ulisema tumeibiwa mimi na wewe.

"Nimesema," akajibu. "Mimi nimerudishiwa changu." Akafikiri. "Bwana Castory, miaka sitini nimepiga picha na hakuna aliyewahi kuandika jina langu mahali. Hata kwenye albamu. Sasa litakuwa kila jiko Morogoro. Ungekuwa mimi ungekataa?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Lakini alikuwa anangoja jibu kweli, mdomo wazi, kama mtoto. Nikamwamkia nikaondoka. Shikamoo ya kuagia, sijui kwa nini.

Stephano amepiga leo, wiki tatu baadaye. Nikamwambia mambo yanaendelea. Akasema safi Baba, usiwaachie.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeiweka picha mezani, nimekula nayo chakula cha mchana. Nimeinua sahani nikaona nilipika cha watu wawili.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mvua milimita 6, imekatika kabla ya swala.

Mwamvita ameniletea pilau, sahani imefunikwa kwa kitambaa. Nikamkaribisha ndani. Hajawahi kuingia. Akaiona picha mezani. Akaitazama, akanitazama, akaitazama tena.

"Mzee. Huyu si Mama Sauda?"

Nikamweleza yote. Mara ya kwanza naeleza yote kwa mtu bila kuulizwa nadai nini. Alisikiliza amesimama, hata kukaa alisahau. Nilipomaliza macho yake yalikuwa yamejaa.

"Mbona hukuniambia, baba?" akasema. "Kila asubuhi nafungua duka naye. Ningekuwa namsalimia kwa jina lake."

Pilau lilikuwa zuri. Nimekula lote. Lilikuwa na viungo vyake — vya Raya, nataka kusema.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua milimita 40. Kubwa kuliko zote mwaka huu. Niliandika pia saa ilipoanza na saa ilipokatika, ingawa hakuna wa kumpelekea.

Raya amenitumia ujumbe. Anaomba kuja kesho asubuhi. Ana karatasi.

Alhamisi, 3 Aprili

Bado inanyesha, sijapima.

Raya yuko sebuleni. Nimemwambia naingia chumbani kuchukua miwani. Naandika upesi.

Amekuja peke yake na mwavuli uliovunjika. Amekataa chai, halafu akakubali. Akasema, mzee Harshad ameshanipa ruhusa na wanaojua sheria wameniambia inatosha. Lakini yule ni wa picha, baba. Wa Judith ni wewe. Siwezi kuendelea nikipita mtaani kwako nainamisha kichwa.

Akatoa lebo mpya. Imechorwa chungu na moshi. Hakuna mtu. Akasema ukikataa nitatumia hii, na vipakiti vilivyobaki nitavichoma wiki hii. Ukiruhusu nitamrudisha alivyokuwa, kidoti mahali pake, na nitaandika jina lake. Judith, au Mama Stephano, utakavyo. Bibi yangu atanisamehe.

Amesema kwa upole. Ningependa angesema kwa ukali, ningejua la kufanya.

Akauliza, kwa heshima, pilau la Judith lilikuwaje, labda aandike maneno mawili nyuma ya kipakiti. Nikamwambia ukweli. Judith hakuweza kupika pilau. Aliliunguza kila Krismasi mpaka nikachukua kazi hiyo mimi. Raya akacheka, akaziba mdomo, akauliza kama hilo litaleta shida. Nikasema sijui. Nilikuwa nacheka pia. Sauti yangu ilinishangaza humu ndani.

Karatasi ninayo hapa kitandani. Jina kamili la mwenye picha. Nimeandika, Judith Aloyce Kobelo. Mahali alipozaliwa, Matombo. Jina la anayetoa idhini, langu. Uhusiano. Nimeandika mume, nikajiuliza kama bado ndivyo inavyoandikwa. Nimeacha hivyo.

Umebaki mstari mmoja. Naruhusu, siruhusu. Kata lisilohusika.

Nimemfikiria Leokadia akirudi kwenye ule msalaba na mkasi. Nimefikiria Jumamosi, soko kuu, mlango wa ndizi mpaka nafaka, na chungu kila mahali. Nimefikiria mtaro.

Anaita. Anauliza kama nimeipata miwani.

Ninayo usoni tangu alipobisha hodi.